Moyo wa Khamla Umeanguka

Onchan alizaliwa Mkhmu, kabila la milimani nchini Laos, akakua akisema Kikhmu. Kilao, lugha ya taifa, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukisoma. Kila alasiri alikwenda kwenye darasa la watu wazima la Mwalimu Malaythong. Baada ya miezi minne aliweza kusoma maneno mafupi. Nyumba nzima ilijua, maana hata mfuko wa chumvi aliusoma kwa sauti.

"Mke wangu, chumvi tunaijua," mumewe Thongdy alimtania. "Tunaionja kila siku."

Asubuhi moja uliingia ujumbe kwenye simu. Ulitoka kwa binti yao Khamla, aliyeolewa mjini. Onchan akausoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Mama, jana nilikwenda hospitali. Tumbo limenisumbua. Daktari amenipima. Tok..."

Tok alilijua: kuanguka. Neno lililofuata lilikuwa jai: moyo.

"Moyo umeanguka sana," alisoma, sauti ikapungua. "Mama, njoo."

Thongdy hakutania tena. Alipiga simu, ilikuwa imezimwa. Akatoka, akaanza kumfunga kamba nguruwe wao mkubwa akamuuze, wapate nauli na gharama za hospitali. Ndani, Onchan alifungasha wali kwenye jani la mgomba.

Nguruwe alipiga kelele mpaka Mwalimu Malaythong akaja kutoka nyumba ya pili.

"Baba Khamla, si mlisema huyu ni wa mwaka mpya?"

"Moyo wa mtoto umeanguka, Mwalimu."

Mwalimu aliomba simu. Akasoma, akasoma tena.

"Mama Khamla, herufi umezisoma sawasawa," alisema. "Ila hapa hakuna maneno mawili. Tok na jai yakikaa pamoja ni neno moja. Maana yake ni kushtuka, kushangaa sana kwa ghafla."

"Kwa hiyo haumwi moyo?"

"Neno hili halisemi habari ya ugonjwa. Juzi nyoka alipotoka kwenye kapu langu, nilifanya nini?"

"Uliruka juu ya meza."

"Hiyo ndiyo tok jai. Na mtoto wa mbali akikutokea mlangoni bila taarifa, hiyo pia ni tok jai. Neno linasema tu kwamba jambo limekuja ghafla. Kama ni jema au baya, utajua kwa maneno yanayolizunguka."

"Na nikishangaa taratibu? Kama siku Baba Khamla anapoosha vyombo?"

"Hapo sema plaek jai. Yaani moyo umeona jambo geni."

Ndivyo lugha zilivyo. Sisi nasi husema mtu amepigwa na butwaa, na hakuna aliyeshika fimbo.

Thongdy hakucheka. Kamba ilikuwa bado mkononi. "Lakini ametaja hospitali," alisema.

"Kweli. Basi tusikisie," alijibu Mwalimu. "Mwenye maneno yupo. Tumuulize."

Walipiga tena na tena. Mara ya tatu Khamla akapokea, sauti yake ikasikika kwa wote.

"Mama, simu iliisha chaji. Nilidhani ni vidonda vya tumbo. Kumbe nina mimba ya miezi mitatu."

Miaka saba Khamla alikuwa kwenye ndoa bila mtoto. Watu walikuwa wameacha hata kumuuliza. Onchan alikaa chini palepale, simu mkononi.

"Mama? Upo?"

Thongdy alimfungua nguruwe kwanza, kisha akageukia ukuta.

Alasiri ile darasani walijifunza maneno yanayotembea mawili mawili. Mwalimu aliyaandika ubaoni na kuyapigia mstari mmoja chini yake. Tangu hapo, Onchan akikutana na neno gumu huuliza kwanza: hili liko peke yake, au lina mwenzake? Na husoma mpaka mwisho kabla ya kuogopa.

Siku hiyohiyo aliandika ujumbe wake wa kwanza maishani. Ulimchukua nusu saa:

"Khamla. Mama tok jai kwa furaha. Baba yako analia, anasema ni moshi. Nakuja kesho."

Akautuma bila kumwonyesha Mwalimu.