Siwema na Mkeka wa Kupimia

Sogeeni karibu, masikio yakae wazi. Leo tunamsikia Siwema wa Urambo, siku aliyochagua kitanda.

Siwema ana miaka sita. Analala kitanda kimoja na wadogo zake pacha, Kulwa na Doto.

Kulwa akigeuka, tu. Doto akigeuka, ti. Huku teke, huku kiwiko, Siwema katikati.

Asubuhi moja Baba akatoa magunia ya mahindi katika chumba cha uani. Akafagia. Akapaka chokaa. Chumba kikawa cheupe kama maziwa.

"Siwema, hiki sasa ni chumba chako," Baba akasema. "Kitanda utachagua wewe."

"Mimi mwenyewe, Baba?"

"Wewe mwenyewe. Lakini chagua vizuri, chumba ni kidogo. Kitanda kikikataa kukaa, mahindi yatarudi humu. Na wewe utarudi kwa pacha."

Kulwa na Doto wakacheka, kwi kwi kwi.

Siwema akasimama chumbani, akawaza. Vitanda viko kwa fundi. Chumba kiko nyumbani, na chumba hakibebeki. Atajuaje?

Akaenda jikoni. "Mama, naomba mkeka."

"Unataka kulala saa hizi?"

"Hapana, Mama. Nataka kupima."

Tandika mkeka, fwaa. Tazama, Siwema. Panafaa, hapafai?

Siwema akautandika nyuma ya mlango. Ukaenea vizuri. Akatabasamu.

Mara Mama akasukuma mlango aone. Kwaruu. Mlango ukaukunja mkeka.

"Mwanangu," Mama akasema huko nje, "kingekuwa kitanda, ningelala uani."

Siwema akauvuta mkeka mpaka chini ya dirisha. Akafungua mlango, akafunga, akafungua tena. Mlango haukugusa kitu.

"Hapa," akasema. Akauviringisha mkeka, akautia kwapani.

Wakaenda kwa Fundi Mabula. Baba mbele, Siwema nyuma, pacha nyuma kabisa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Haya, leo nimepata mteja wa kuja na mkeka wake. Kesho ataleta mto na sahani."

Siwema akaenda moja kwa moja kwenye vitanda. Alikuwa na kazi.

Kitanda cha kwanza kilikuwa kipana. Kichwani kilikuwa na maua ya kuchonga, na kioo. Siwema akajiona kwenye kioo. Moyo wake ukakitaka sana.

Tandika mkeka, fwaa. Tazama, Siwema. Kinafaa, hakifai?

Mkeka ukaishia katikati. Siwema akakumbuka mlango. Kwaruu.

"Ni kizuri," akasema polepole, "ila mlango hautafunguka. Hakifai."

Cha pili kilikuwa kitanda juu ya kitanda, chenye ngazi ndogo.

Tandika mkeka, fwaa. Tazama, Siwema. Kinafaa, hakifai?

Mkeka ukaenea sawasawa.

"Na huku juu atalala nani?" fundi akauliza.

"Sisi," wakasema Kulwa na Doto.

Siwema akauondoa mkeka upesi. "Hakifai."

Baba akakohoa ili asicheke.

Kilibaki kimoja tu, kule pembeni. Kitanda cha kamba. Hakina maua, hakina kioo.

Tandika mkeka, fwaa. Tazama, Siwema. Kinafaa, hakifai?

Mkeka ukaenea, pembe kwa pembe. Siwema akapanda, akalala chali.

Bonyee. Kamba zikalegea. Siwema akazama kama yai kwenye kiota.

"Dada kapotea," Kulwa akasema.

"Tumtafute na tochi," Doto akasema.

Siwema akaona macho yanamchoma. Vitanda vimekwisha. Atarudi katikati, huku teke, huku kiwiko.

Fundi Mabula akainama. "Usilie, mama. Kamba ikilegea haitupwi. Teremka, tukaze."

Siwema akateremka. Fundi akashika kamba mbele, Siwema akashika nyuma yake.

Vuta, kwii. Kaza, kwaa. Vuta, kwii. Kaza, kwaa.

Mikono ikawa myekundu. Siwema hakuachia. Akagonga kamba kwa kidole, nayo ikalia kama ngoma, du.

Akapanda tena. Kitanda hakikubonyea hata kidogo.

"Kinafaa," Siwema akasema.

"Amechagua nani?" fundi akauliza. "Wewe au baba yako?"

"Nimechagua mimi. Na kukaza nimekaza mimi."

Kitanda kikapanda mkokoteni mpaka nyumbani. Kikapita mlangoni. Kikakaa chini ya dirisha. Baba akafungua mlango, akafunga, akafungua tena. Haukugusa kitu.

"Mahindi yatafute kwao," Baba akasema. Jirani akija, Baba anamwonyesha. "Kachagua binti yangu. Kapima kwa mkeka."

Usiku ukaingia. Siwema akajilaza kitandani kwake. Akanyoosha mguu wa kulia. Akanyoosha wa kushoto. Kimya.

Ngo, ngo, ngo.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni.

Siwema akaketi. Hajawahi kupigiwa hodi na mtu yeyote. Hodi hupigiwa wenye chumba.

"Nani?"

"Mimi, baba yake Siwema. Naruhusiwa kuingia?"

Siwema akanyoosha shingo.

"Karibu, Baba. Karibu chumbani kwangu."

Baba akavua viatu, akaingia, akamfunika shuka hadi mabegani.

Siwema akalala. Na hadithi yake nayo imelala hapo hapo.