Kazi ya Watu Wawili

Hamjambo wenzangu. Sogeeni, ukuta haung'ati. Mwenye simu aizime, mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, maana habari hii haitaki sauti kubwa. Ilimpata jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Sikuiokota njiani.

Jirani huyo alikuwa dereva wa lori mstaafu. Tulimwita Taratibu, kwa sababu miaka thelathini barabarani hakuna aliyewahi kumwona akilipita gari la mwenzake. Uani kwake kulikuwa na pikapu kuukuu, kutu tupu, waliyoinunua yeye na mkewe wakitaka kuifufua. Na waliifufua kweli, kipande kwa kipande. Mzee alikuwa na mikono, mama alikuwa na macho, maana ndiye aliyejua kusoma. Kila walichoelekezwa na mafundi alikiandika kwenye daftari la jalada la bluu, na siku ya kazi akamsomea mumewe aliye chini ya gari.

Mama akafariki. Injini ilikuwa inawaka, taa zinawaka. Zilibaki breki.

Mzee akabaki na vyumba vitatu na vikombe sita, vitano haviguswi. Binti yao, aliyeolewa mbali, alimpigia simu kila siku akimsihi ahamie kwake. Mjukuu alikuwa karibu kusimama dede na hajamwona babu yake. Mzee alikuwa na jibu moja tu: nikimaliza breki, nakuja mwenyewe na pikapu ya mama yako. Hakutaka kupelekwa kama mzigo. Alitaka kufika akiwa dereva.

Ili amalize, ilibidi alisome lile daftari. Akaingia darasa la watu wazima, dawati moja na mimi, wazee wawili na penseli zetu. Mwalimu alisema vichwa vyetu ni nati zenye kutu, haziendi kwa haraka, ila zikishafunguka zimefunguka. Miezi saba. Siku alipouweza mwandiko wa mkewe alinigongea ukuta nimsikilize. Akasoma kwa kidole: "Ku-toa u-pe-po kwe-nye bre-ki. Ka-zi ya wa-tu wa-wi-li."

Kidole kikaishia hapo.

Asiyejua aelewe. Mmoja hukaa ndani, akakanyaga pedeli mara tatu na kuishikilia. Mwenzake yuko chini, anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, mafuta yanatoka na mapovu, anaifunga. Peke yako huwezi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Zamani aliyekanyaga ni mama, peku, kwa mguu wa kushoto, kwani wa kulia ulipooza tangu ujana wake. Mzee husema kanyaga, mama hujibu nimeshika. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao.

Nikamwahidi nitakuja Jumamosi saa nane mchana nimkanyagie. Sikwenda. Nilipitiwa, hata sikumbuki nilikuwa na shughuli gani.

Mzee akanisubiri. Jua kali. Akajilaza chini ya pikapu na spana yake, na kwa mazoea tu, mdomo ukamtoka: "Kanyaga."

Pedeli ikakanyagwa.

Mara moja. Mbili. Tatu. Ikashikiliwa.

Mkono ukafungua nati wenyewe, mafuta yakachuruzika na povu. Alidhani ni mimi, akanitania, leo umekumbuka. Akatoka, akachungulia dirishani. Kiti kitupu. Milango imefungwa, funguo zimo mfukoni mwake.

Mwingine angekimbia. Yeye alikaa juu ya ndoo akalia kwa furaha, akiamini mkewe amerudi kumaliza kazi. Na jioni ile breki zilikuwa ngumu kama jiwe. Angeweza kuondoka asubuhi yake.

Hakuondoka. Alifungua nati zote nne, akaurudisha upepo ndani.

Ikawa hivyo kila siku. Binti akipiga simu, anaambiwa bado kidogo. Mimi nilikuwa namsikia ng'ambo ya ukuta akisimulia siku yake, alichokula, alichoota. Kisha kanyaga. Kisha mlio wa pedeli. Wiki ya tatu nikasikia na jibu. Mnong'ono tu. Nimeshika. Sauti isiyovuta pumzi.

Siku moja alipiga msasa ndani ya kabini, sakafu yote ikajaa vumbi jekundu la kutu. Kazi ilipokwisha akafungua mlango. Chini ya pedeli palikuwa na unyayo mmoja, peku.

Wa kulia.

Alinieleza mwenyewe juu ya ukuta, kwa kunong'ona, kana kwamba gari lina masikio. Nikamwambia mzee mwenzangu, hilo liache, nenda kwa mwanao.

"Na wewe ungekuja lini?" akaniuliza.

Nikashuka ukutani, nikaingia ndani. Asubuhi nikamsikia tena. Kanyaga.

Binti alichoka na bado kidogo. Akaja mwenyewe Jumamosi mchana kumchukua baba yake, mtoto mgongoni. Alikuta miguu imechomoza chini ya pikapu, viatu vyake vile vile vya udereva. Akamsalimu, akamwambia mjukuu wako huyu hapa, toka umbebe. Mzee akasema amalize kwanza gurudumu la mwisho. Binti akajitolea kumkanyagia.

"Usifungue mlango, mwanangu," baba akasema polepole. "Pana mtu."

Binti akachungulia dirishani. Pedeli ilikuwa inashuka. Hakuna mguu. Ikashuka mpaka chini, ikakaa. Mtoto mgongoni akatazama kile kiti, akacheka kama anayechekeshwa.

Ndipo ukatoka mnong'ono. Nimeshika.

Binti akaruka, akainama, akashika miguu ya baba yake kwa mikono miwili. Akavuta.

Viatu vikaja. Viatu tu.

Majirani wote tulikuja. Tuliinua pikapu kwa jeki, tukamulika kila mahali. Spana, chupa ya mafuta, na daftari la bluu. Polisi walitafuta, wakachoka. Binti alirudi kwake na vile viatu. Daftari aliniachia mimi, kwa kuwa nilisoma na baba yake.

Nimelisoma mwenyewe, sikusomewa na mtu. Chini ya mwandiko wa mama pana mstari mmoja wa herufi kubwa zilizopinda, herufi za dawati letu: SI YEYE. LAKINI ANAJIBU.

Pikapu ipo pale pale. Kila Jumamosi saa nane mchana, chini yake, sauti ya mzee huita mara moja, kwa upole. Kanyaga. Halafu husubiri.

Mnasikia? Tulieni. Hiyo.

Nilimwahidi, jamani. Nishikieni kiti changu hiki, asikikalie mtu. Nakanyaga mara tatu tu, narudi.