Mwenyekiti wa Kamati Saba

Ndugu zangu, hasa nyie mnaojibu "niko njiani" hali bado mmeketi, leo nawaomba masikio. Haya yalitokea katika nyumba ya watu wema, wasio walevi wala wagomvi, na ndiyo maana kuyasimulia kunaniuma.

Jumamosi moja alasiri Mama Sista aliketi uani akichagua mchele, miguu ameinyoosha, kanga kaifunga kichwani. Alikuwa mpishi mkuu wa shule yenye watoto mia nne. Siku za kazi aliishi kwa saa ya ukutani: maharage yasipoinjikwa saa kumi na mbili asubuhi, basi saa sita mchana watoto mia nne wanagonga sahani. Siku hiyo hapakuwa na wa kumharakisha. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwepo nyumbani, jambo la nadra, akinywa chai na kuwachekesha. Binti yao alikuwa akifua. Tangu mdogo alipenda kufunga vidonda vya majirani na kuwakaripia wasiomaliza dawa, hadi mtaa mzima ukamwita Sista na wazazi wake wakaitwa kwa jina hilo.

Simu ya binti ikalia. Akafuta povu mkononi, akasoma ujumbe, akaurudia, kisha akakaa kitako juu ya nguo mbichi.

"Mama, nimepata chuo cha uuguzi," alisema taratibu, kana kwamba akiongeza sauti ujumbe utafutika.

Mama hakujua sinia lilivyomponyoka. Walicheka wote watatu wakiokota mchele mchangani.

Kulikuwa na sharti moja. Kufikia Ijumaa ya wiki ya tatu, Sista apeleke chuoni cheti halisi cha kuzaliwa, kisicho na kosa. Chake kilikuwa na kosa: jina la baba liliandikwa visivyo. Ili kulirekebisha ilimpasa baba mwenyewe afike ofisi ya vizazi na kitambulisho chake, atie sahihi mbele ya karani. Marekebisho yalipokelewa Jumatatu na Jumatano tu, mwisho saa sita mchana, na cheti kipya kilitoka baada ya siku saba.

"Hilo dogo," baba alisema. "Jumatatu asubuhi tunalimaliza."

Sasa niwaeleze kuhusu huyu baba. Watu walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa aliongoza kamati saba: ya maji, ya mitaro, ya ulinzi, ya wazazi wa shule, ya timu ya mpira, ya chama cha mafundi, na ya saba ilikuwa ya kuratibu hizo sita. Hakuna aliyemlipa. Alipenda tu kuketi mbele, kukohoa kidogo, na kusema, "Wajumbe, tuwe wavumilivu." Karakana yake ilijaa majokofu ya watu yaliyokaa miezi na miezi. Mteja mmoja alifuata jokofu lake mara tano, mara ya sita akaja kuaga tu, kwamba amenunua jingine.

Msinielewe vibaya. Kamati zina kazi yake, na maji hayaji mtaani yenyewe. Lakini yapo mambo yanayoweza kuendeshwa na mtu yeyote, na yapo yanayokungoja wewe peke yako.

Jumatatu ya kwanza kulikuwa na kikao cha mitaro. Jumatano, kocha na golikipa waligombana, akaitwa kuwapatanisha. Jumatatu ya pili chama cha mafundi kilipata mgeni, na mgeni, alisema Mwenyekiti, hawezi kupokelewa na katibu.

"Baba Sista, tunachelewa," mkewe alimwambia jioni hiyo.

"Mke wangu, una haraka kama mtu anayefukuzwa. Si kuna siku kumi na moja bado?"

"Siku kumi na moja mpaka mwisho. Cheti kinakula saba. Wewe umehesabu zako, hesabu na za ofisi."

"Keshokutwa. Nakuapia."

Sista alikuwa mlangoni, ameshika bahasha ya vyeti vyake vya shule. Alikuwa ameshaipiga pasi sare ya mazoezi ya uuguzi aliyoshona pamoja na rafiki yake aliyechaguliwa naye.

Jumatano Mama Sista aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita. Alimwachia msaidizi wake jiko, akamfuata mumewe chumbani, akasimama hadi alipofunga kifungo cha mwisho cha shati. Saa tatu na nusu walitoka wote watatu. Walikuwa wameshaiona bendera ya ofisi pale simu ya Mwenyekiti ilipolia.

Alisikiliza, uso ukakunjamana. "Wajumbe wa maji wanataka kupigana. Wamefungiana kwenye ofisi ya mtaa."

"Wapigane," alisema mkewe.

"Dakika kumi tu. Nyie tangulieni, mshike foleni. Mkifika dirishani mtanikuta nimesimama."

"Baba, tafadhali," alisema Sista.

"Mwanangu, dakika kumi." Akampa kitambulisho, kana kwamba kitambulisho kingetia sahihi.

Walishika foleni. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Walifika dirishani, wakawapisha wa nyuma. Wakafika tena, wakapisha tena. Mama alipiga simu mpaka ikaanza kumjibu kwamba mteja hapatikani. Aliitazama saa ya ukutani na mwili wote ukimwasha. Jikoni kwake, mtu akichelewesha sufuria angemtoa kwa sauti moja. Hapa alikuwa ameketi kwenye benchi la watu, ameshika pochi, hana wa kumpigia kelele. Alijikasirikia na yeye pia. Miaka ishirini na mbili alikuwa akimfunikia huyu mtu chakula na kusema "atakuja".

Saa sita kamili karani akavuta pazia la dirisha.

"Kaka, dakika chache tu, baba yake yuko njiani," Mama alimsihi.

"Mama, muhuri anao mkubwa wangu, na ameshaondoka. Njooni Jumatatu."

Mwenyekiti alifika saa sita na dakika arobaini, jasho likimtiririka, akitabasamu tabasamu la kuombea msamaha. Walirudi kwa miguu, yeye nyuma.

Jumatatu ya tatu aliwahi kuliko walinzi. Alionyesha kitambulisho, akajaza fomu, akatia sahihi. Mama Sista alimpimia kwa saa ya ofisi. Dakika nane. Kazi yote ilikuwa ya dakika nane.

Ijumaa ya mwisho Sista alipiga simu chuoni, akaeleza, akaomba wamvumilie hadi Jumatatu. Waliahidi tu kulifikisha ombi. Jumatatu cheti kikatoka, na saa nane mchana mama na binti walikuwa mbele ya msajili wa chuo. Mwanamke yule alikisoma cheti kwa makini, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Binti yangu, nafasi yako ilipewa mtu wa orodha ya akiba Ijumaa saa kumi jioni. Naye ameshalala bwenini. Siwezi kumtoa."

Sista alishukuru. Alishukuru kweli, kwa adabu, na hilo lilimuumiza mama yake kuliko machozi.

Jioni waliketi mezani watatu. Mwenyekiti hakugusa chakula. Alizungusha kijiko, akakohoa kidogo kama kawaida yake.

"Nadhani tukae kama familia, tulijadili hili kwa utulivu."

"Kaa," mkewe alimjibu. "Mimi nina vyombo."

Sista aliinua uso. "Baba, siku ile ya ofisi. Kile kikao cha maji, mliamua nini?"

Mwenyekiti alimtazama mkewe, akatazama meza.

"Tuliahirisha," alisema. "Akidi haikutimia."

Mama Sista alisimama pale pale, sahani mkononi, akashindwa hata kukasirika.

Mwaka uliofuata Sista aliomba tena. Waombaji walikuwa maradufu, jina lake halikutoka. Sasa anafua mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, kutwa nzima kwenye mvuke, na rafiki yake waliyechaguliwa pamoja hupita dirishani kwa viatu vyeupe akielekea wodini. Wanasalimiana. Anasema ataomba tena mwakani. Baba yake amejiuzulu kamati nne. Tatu, anasema, anasubiri kikao cha kukabidhi.

MAFUNZO

Ndugu zangu, wengi wetu hatupotezi muda kwa uvivu. Tunaupoteza tukiwa tumevaa vizuri na tukihangaikia mambo ya watu, na jioni tunarudi tumechoka, tukidhani kuchoka ndiyo kazi. Kila asubuhi jiulize: leo ni jambo gani ambalo nisipolifanya mimi hakuna mwingine wa kulifanya? Anza na hilo, hata kama ni la dakika nane. Mitaro ina wajumbe kumi na wawili. Binti yako ana baba mmoja.

Na wewe unayemngoja mtu wa namna hiyo, acha kumfunikia chakula. Mwambie mapema, mwambie mara ya kwanza, mwambie mbele ya watu ikibidi. Mama Sista ameniruhusu niwasimulie haya kwa sharti kwamba hilo nisilisahau.