Swali la Saa Saba Makwasinyi

Kosa la kwanza lilikuwa dogo, na Kiilu karibu alipuuze: modemu, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, haikulia. Modemu yoyote ikipiga simu hukoroma na kukwaruza hadi masikio yaume. Hii ya zahanati ya Makwasinyi ilibonyeza namba ya Voi, ikanyamaza, kisha spika yake ndogo ikaanza kuhema.

Miaka hiyo mnara wa simu za mkononi ulikuwa haujafika upande ule wa mlima Kasigau. Zahanati ilikuwa na laini moja ya waya na kompyuta ya Linux isiyo na picha wala kipanya, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Kila siku saa saba mchana iliipigia ofisi ya Voi na kupokea majibu ya damu za wagonjwa. Sasa ilikuwa siku ya nne haijapokea kitu, na Kiilu, fundi aliyeamini kuwa mashine ya kumshinda haijatengenezwa, alitumwa kutoka Voi kwa pikipiki kwenda kuitazama.

Alifanya yale ambayo fundi yeyote hufanya. Alikagua waya, akasikiliza mlio wa laini, akaiuliza modemu kama ni nzima nayo ikajibu OK. Kisha akafungua faili ambamo mashine huandika kila inachotuma na kila inachosikia. Voi ikipokea simu huuliza jina la anayetaka kuingia, na mashine ya zahanati hulitaja yenyewe. Jina hilo alilichagua Kiilu, na alichagua la binti yake, Mbinya. Alimpata baada ya miaka tisa ya kungoja na maneno ya majirani, akampa jina la marehemu mama yake, na sasa, akiwa na miaka sita, hakuna alichokipenda duniani kuliko yeye.

Lakini kwenye faili lile swali la kawaida la Kiingereza halikuwepo. Palikuwa na maneno mawili ya Kiswahili, yamerudiwa kurasa nzima: wewe nani, wewe nani, wewe nani. Mashine, ambayo haikufundishwa swali hilo, ilikaa kimya kila siku hadi muda ukaisha, ikakata.

Kiilu alicheka. Alimjua Ndeti, mwenzake wa ofisi ya Voi, kwa mizaha ya kitoto. Akamwita muuguzi, Sista Teresia Wakesho, aje ajionee. Teresia alisoma, kisha akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati la dawa.

"Fundi, hapa kwetu mtu usiyemwona akikuuliza jina saa saba, usimjibu," alisema kwa sauti ya chini. "Unaenda zako tu."

Akamweleza alivyosikia kwa nyanya yake. Zamani mzee akishakaa kaburini mwaka mmoja, watu wake walimfukua, wakabeba fuvu lake hadi pangoni kwa wenzake, wakamwita kwa jina ili aingie. Kulikuwa na mpita njia mmoja aliyefia chini ya mlima, asiyejulikana na yeyote. Alizikwa kando ya njia na hakuna aliyekuja kumwita. Nguzo ya simu ilichimbiwa papo hapo alipolala, na wachunga mbuzi wakipita chini ya waya ule mchana hufunga midomo.

Kiilu aliitikia kwa adabu, moyoni akisema mambo ya wazee. Akaongeza mstari mmoja kwenye maagizo ya mashine: ukiulizwa wewe nani, tuma mbinya. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika mbili. Akabonyeza.

Mashine ilipiga, ikaulizwa, ikajibu, na taa ya modemu ikawaka bila kupepesa. Kiilu akajipigapiga kifua. Ndipo akasikia harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mbichi, katika mwezi ambao mvua haikuwa imenyesha hata tone, na ile pumzi kwenye spika ikaanza kwenda haraka kama ya mtu anayekimbia, na alipouchomoa waya wa simu ukutani taa haikuzima, na alipoiuliza mashine ni nani waliomo ndani yake ilimtajia wawili, yeye mwenyewe na mbinya, jina lililosajiliwa Voi tu, si kwenye mashine ile.

Aliogopa, na hakuwa na haya ya kuogopa. Alichomeka simu ya mezani pale ukutani, akampigia Ndeti.

"Mashine ya Makwasinyi?" Ndeti alishangaa. "Haijaingia hapa tangu Jumatatu, bwana."

Akampigia mkewe, Alice, nyumbani Voi. Alice alikuwa analia. Mtoto alikuwa anakula vizuri, dakika hii hii, ghafla akaweka kijiko chini. "Namwita hageuki, Baba Mbinya. Ananiangalia kama mgeni."

Teresia alikuwa amesikia yote. Alisema jina likishatolewa halirudi, na mtoto asiye na jina hukaa siku chache tu. Apewe lingine sasa hivi. Kiilu aliona uchungu kana kwamba anamzika mama yake mara ya pili, lakini alimwambia Alice, "Mwite Kasiva." Lilikuwa jina la nyanya yake. Kule Voi Alice aliita, na mtoto akageuka akaomba maji.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Teresia, na rozari yake shingoni, alimwaga pombe ya miwa chini ya nguzo. Akamwambia aliyelala pale kuwa sasa yeye ni Mbinya, aende kwa wenzake. Ndani ya zahanati taa ya modemu ikazima. Kisha akamgeukia Kiilu.

"Wewe si baba wa Mbinya tena. Mtu akikuita hivyo, hata mkeo, usiitike."

Wiki tatu zikapita. Majibu ya damu yalifika Makwasinyi bila shida. Alice, baada ya ulimi kumteleza mara mbili tatu, alizoea kusema Baba Kasiva, na mtoto alicheza na kugombana na wenzake kama zamani. Kiilu akaanza kulala usingizi mzuri.

Ijumaa moja, ofisini Voi, Ndeti alikuwa ametoka kwenda kula. Kiilu alikuwa amefungua kompyuta ya watu, mikono yote miwili imo ndani, simu ya mezani ilipolia. Akaibana kwa bega.

"Ni Baba Mbinya?" Ilikuwa sauti ya mtoto.

Miaka sita mji mzima ulikuwa umemwita hivyo, sokoni, kanisani, kwa kinyozi. "Ndiye mimi," Kiilu alisema, na mikono yake ikasimama palepale ilipokuwa.

Ofisi ilijaa harufu ya udongo. Saa ilikuwa saba na dakika mbili. Upande wa pili mtu alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo baada ya safari.

"Baba, nimefika nyumbani," sauti ikasema. "Mama ananifungulia mlango."