Karanga Kwenye Pakiti ya Njano

Foleni ya supamaketi ilikuwa imejikunja hadi kwenye rafu ya sabuni pale kikapu cha dada mmoja, mwenye gauni la kijani lililomkaa vyema, kilipomwaga biskuti za kila aina miguuni mwa kaka mmoja.

"Pole, dada! Hiyo njaa au harusi?"

"Kazi," akajibu akicheka, huku anaokota. "Napima vyakula vya viwandani. Natafuta vilivyojificha humo bila kuandikwa kwenye pakiti: karanga, maziwa, mayai. Wako watu wakila kidogo tu, koo linaziba."

Kaka akaona pakiti ya njano kikapuni, moyo ukamdunda kwa fahari. Yeye ndiye mwokaji wake! Lakini hakusema. Alitaka biskuti zake zisifiwe kwanza, ndipo amshangaze. Akaomba namba ya simu tu.

Basi simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Muongo wewe!"

Mwezi mzima wakawa chanda na pete.

Kazini kwa dada, kila biskuti husagwa na kupewa namba, isijulikane ni ya nani. Namba kumi na nne ikaonyesha karanga. Akarudia mara tatu. Karanga! Akatia sahihi.

Kesho yake pakiti za njano zikaondolewa madukani. Simu ikalia.

"Kumbe ulinitongoza ili unipeleleze!"

"Nani alimtongoza nani? Na zako ni zipi? Hukuwahi kuniambia!"

"Za njano! Wala sijatia karanga hata punje!"

"Zimo, mpenzi. Mtoto wa mtu angekufa nazo. Ulitaka ninyamaze?"

Kaka akamkatia simu.

Wiki nzima mwokaji akachambua unga, sukari, hadi tanuri. Kumbe jibu liko mkononi mwa mama yake, anayepaka trei mafuta: akitoka trei za biskuti za karanga, anaingia za njano, brashi ileile.

"Mama, brashi hiyo!"

"Ina kosa gani? Nimeanza nayo kabla hujaota meno."

"Ndiyo mchawi wetu!"

Mama akaitazama, akaitia motoni. "Na yule binti umemtukana bure. Nenda!"

Mwokaji akaoka biskuti upya, akazipeleka mwenyewe kupimwa. Mzee wa mapokezi akamwambia, "Mpimaji wetu amejitoa kwenye biskuti zako. Hapa mwenye uhusiano na mwenye mali hapimi." Akamgeuzia polepole fomu ya kujitoa. "Mimi sijakuonyesha kitu."

Fomu iliuliza: *Una uhusiano gani na mwenye bidhaa?* Chini yake, kwa mwandiko wa dada: *Nampenda. Yeye sijui.*

Mwokaji akaomba kalamu, akaandika: *Yeye pia. Anaomba kukuoa.*

Mlango ukafunguliwa. Dada akatoka na koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, akasoma.

"Umeharibu fomu ya ofisi."

"Nisamehe. Kosa ni la brashi ya mama, na la mdomo wangu. Nijibu basi!"

"Hapa majibu hutoka baada ya siku tatu," akasema, akarudi ndani bila hata kutabasamu.

Kaka hajafika getini, simu yake ikalia.

"Mwokaji?"

"Naam, laazizi!"

"Jibu lako limetoka mapema."

"Linasemaje?"

"Mwambie mama mkwe anunue brashi mbili."

Kwa kelele alizopiga kaka yule, mlinzi alidhani mtu kaibiwa.