Chungu Kilichokosa Kwao

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye daftari la mwalimu, lakini shule nzima ilimwita Gazeti, na yeye mwenyewe alikuwa amelizoea kiasi kwamba akiitwa kwa lile la daftarini alichelewa kugeuka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, na hakuna karatasi yenye maandishi iliyompita hivi hivi. Kila alipotoka shule alisimama kwa muuza duka wa kona, aliyefungia sabuni na misumari kwa magazeti ya zamani, akapewa kurasa mbili tatu zilizochanika ukingoni. Akifika nyumbani alivua viatu, akamwamkia mama yake aliyekuwa ameinamia cherehani, akaazima mkasi na kuketi sakafuni kukata habari.

Hakukata siasa wala mpira. Alikata mambo ya ajabu: pweza aliyemnyang'anya mpiga mbizi kamera yake, dubu aliyeingia kwenye duka la mikate akatoka na mkate mmoja tu kama mteja, bibi na babu waliovuka jangwa kwa baiskeli, mkulima aliyechimba kisima akakutana na ukuta wa mji uliosahaulika. Kila Ijumaa alizibandika habari hizo kwenye ubao wa nje ya darasa, chini ya maneno makubwa ya chaki: DUNIA INA MAMBO. Hata walimu wa madarasa mengine walipita na vikombe vyao vya chai kusoma.

Jambo moja tu lilimkera. Habari zote zilitoka mbali.

"Huku kwetu hakutokei kitu," alilalamika Ijumaa moja akiwa na rafiki yake Msumari, msichana mwembamba aliyemshikia gundi.

"Kinatokea," Msumari akajibu. "Leo umekaa kimya dakika tano nzima. Bandika hiyo."

Wakacheka mpaka gundi ikamwagika. Hata hivyo neno lile lilimkaa Gazeti moyoni, na usiku akalala akiliwaza.

Kesho yake, Jumamosi, alimpelekea mjomba wake chakula kama kawaida. Mjomba alikuwa mfyatua matofali. Kazi yake ilikuwa nyuma ya mtaa, kwenye shimo kubwa la udongo ambalo yeye na wenzake walikuwa wakilipanua kidogo kidogo kwa sururu. Udongo uliotoka humo waliukanyaga kwa miguu, wakaujaza kwenye kalibu za mbao, wakaanika matofali mabichi kwa mistari na mwishowe kuyachoma kwenye tanuri. Mwaka uliopita ukuta mmoja wa shimo uliporomoka ukafunika toroli zima. Tangu siku hiyo mjomba alifunga kamba pembeni na kutoa amri: mtoto yeyote asiivuke, hata kama ni mpwa wake, na hasa kama ni mpwa wake, kwa sababu anamjua.

Siku hiyo mjomba alikuwa upande wa pili wa tanuri, akipanga kuni. Gazeti alisimama kwenye kamba, akaita mara mbili bila kusikika. Macho yake yakazunguka shimoni, yakatua kwenye ukuta wa upande wa mashariki. Palikuwa na kitu cha mviringo kimetokeza kwenye udongo, kama mdomo wa kikombe. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaweka chakula chini na kuivuka kamba.

Alikichokonoa kwa vidole mpaka kikatoka. Kilikuwa chungu kidogo, kinaenea kwenye viganja vyake viwili, kizima kabisa, na shingoni kilichorwa mistari ya kupanda na kushuka kwa mkono uliotulia. Ndani kulikuwa na masizi meusi. Alikificha kwenye kanga iliyofungiwa chakula, akapanda haraka, akampa mjomba sufuria yake bila kifungashio na kukimbilia nyumbani. Huko alikisugua kwa sabuni na brashi, nje na ndani, mpaka kikang'aa.

"Umekitoa wapi?" mama akauliza, pini zikiwa mdomoni.

"Bustani ya shule."

Lilimtoka tu. Hakuwa amelipanga. Aliogopa kwamba akitaja shimo, mjomba angejua alivuka kamba. Na kwa kuwa mama alikuwa ameshaambiwa hivyo, mwalimu naye asingeweza kuambiwa kingine. Jumatatu alipokipeleka darasani alikuwa ameuvalisha uongo wake nguo na viatu: alikuwa akimwagilia nyanya siku ya Ijumaa, mguu ukagonga kitu kigumu, akafukua.

Mwalimu wao wa darasa alikigeuza chungu mkononi polepole kama anayeshika yai. Mchana huo alipiga simu makumbusho. Jumatano asubuhi ikaja gari yenye vumbi, akashuka mama mmoja mfupi mwenye kofia ya majani, mtaalamu wa mambo ya kale, pamoja na vijana wawili, ndoo, chekecheke, kamba na vijiko vidogo vya uashi. Shule nzima ilitoka nje. Gazeti aliitwa mbele, akashikwa bega, akaonyeshwa kwa wenzake kuwa ni mtoto mwenye macho. Kichwa kilimvimba, nusu kwa fahari na nusu kwa hofu.

"Ni hapa hasa?" mtaalamu akauliza.

"Ndiyo. Hapo kwenye nyanya."

Nyanya za darasa la sita zilikuwa zimebakiza wiki moja kuiva. Ziling'olewa zote. Vijana wakapigilia vigingi, wakavuta kamba, wakagawa bustani kwa miraba, kisha wakaanza kuondoa udongo kidogo kidogo, kila ndoo ikichekechwa. Gazeti aliwatazama kutoka dirishani na hakusikia hata neno moja la hesabu. Alijua kwamba wangeweza kuchimba pale mpaka wazeeke. Hadi Alhamisi mchana walikuwa wamepata kijiko kilichopinda, kizibo cha soda na soli ya kiatu, ambayo mlinzi wa shule aliitambua kuwa yake.

Jioni hiyo alimpelekea mjomba chakula. Alimkuta ameketi juu ya toroli lililopinduliwa, akijikanda kiuno.

"Karibu mwandishi maarufu," mjomba akamtania. "Nimesikia makumbusho wamehamia shuleni kwenu. Wangekuja kunisaidia mimi. Vigae vya udongo vimenichosha wiki hii, vimejaa ukuta mzima wa mashariki."

"Vigae gani, mjomba?"

"Vya vyungu. Vinaharibu tofali, likiingia tanurini linapasuka. Toroli tatu nimemwaga barabarani kuziba mashimo." Alimega chakula, akatafuna taratibu. "Lakini kesho asubuhi taabu inakwisha. Tunauangusha ukuta wote kwa mkupuo mmoja. Nina oda ya tofali elfu kumi."

Gazeti aliutazama ukuta kutoka kwenye kamba. Toka Jumamosi ulikuwa umerudi nyuma hatua mbili nzima. Kila siku aliyokaa kimya, sururu ilikuwa imekula kipande, na yeye alikuwa darasani akipigiwa makofi. Aliona aibu kali, ile inayowasha masikio. Kama angenyamaza mpaka kesho, hakuna mtu yeyote ambaye angejua kuwa alidanganya, na pia hakuna mtu yeyote ambaye angejua kilichokuwa mle ukutani. Hapo ndipo alipokata shauri.

"Mjomba, nakuja," akasema, na kuondoka mbio.

Shuleni vijana walikuwa wanapakia ndoo garini. Mtaalamu alikuwa ameketi kwenye kiti cha darasani, akifuta vijiko vyake kwa kitambaa, na mwalimu amesimama kando akimwomba radhi kwa safari ya bure. Gazeti alifika akihema.

"Mwalimu, sikukipata hapa. Nilikitoa kwenye shimo la udongo la mjomba, Jumamosi. Nilivuka kamba aliyotukataza, nikaogopa kusema. Na kesho asubuhi wanauangusha ule ukuta, na bado kuna vigae vingi."

Mtaalamu alikiweka chini kijiko alichokuwa akikifuta.

"Kwa hiyo," akasema, "siku mbili nimechimbua nyanya za watoto wa watu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kusameheana tutazungumza baadaye. Sasa hivi kuna mwanga. Nipeleke."

Mjomba alipomwona mpwa wake anashuka garini na wageni wanne wa kofia na ndoo, alidhani shule imeungua. Gazeti alimwambia kila kitu hapohapo, mbele ya watu, huku machozi yakimtoka. Mjomba alimwangalia juu mpaka chini.

"Uliivuka kamba," akasema.

"Niliivuka."

"Ukuta ungekufunika, mimi ningemwambia nini dada yangu? Niambie, ningeanzaje?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ilimuumiza Gazeti kuliko kama angefokewa.

Mtaalamu alikuwa ameshaushika ukuta, kwa ruhusa ya mjomba, na mkono wa mjomba ukimshikilia. Alikwangua kidogo kwa kijiko. Mstari wa majivu ulijitokeza, mweusi, umelala kama utepe. Chini yake yalionekana mawe mawili ya meko na nusu ya jiwe la tatu, na kando yake mdomo wa chungu kilichovunjika. Mtaalamu hakupiga kelele. Aliivua kofia yake tu, akaishika kifuani.

"Hawa watu walikuwa wanapika hapa," akasema. "Ndugu yangu, nakuomba ukuta huu."

Mjomba alijikuna kichwa, akaitazama tanuri yake, akaitazama oda yake akilini. "Udongo wa upande wa magharibi una mchanga mwingi," akanung'unika. "Lakini utafaa, nikiuchekecha. Chukueni."

"Na kile chungu kidogo," mtaalamu akamgeukia Gazeti, "kilikuwa wapi hasa?"

Gazeti alinyoosha kidole, akakuta anaonyesha hewa. Pale palipokuwa na ukuta Jumamosi sasa palikuwa patupu, pana alama za sururu tu.

"Udongo uliokuwa hapo nimeuchimba tangu Jumatatu hadi leo," mjomba akasema. "Umeshakuwa matofali."

Nyumbani, mama hakumpiga wala kumgombeza sana. Alizima cherehani na kuketi naye. "Nilikuuliza mimi wa kwanza," akamwambia. "Ukanidanganya mimi wa kwanza. Hilo ndilo linaloniuma." Gazeti alilia tena, na mama akamwacha alie mpaka amalize, kisha akampa leso.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa kazi. Gazeti aliwaomba radhi wenzake wa darasa la sita, akapewa adhabu ya kuipanda upya bustani ya nyanya na kuimwagilia kila asubuhi. Msumari alijitokeza kumsaidia ijapokuwa hakuna aliyemtuma, akisema kwamba bila yeye Gazeti angepanda mche kichwa chini. Siku za Jumamosi darasa zima lilibeba ndoo na kwenda barabarani kuokota vigae kwenye yale mashimo aliyoyaziba mjomba. Wapita njia walisimama kuuliza ni lini watoto walianza kutoboa barabara badala ya kuitengeneza. Mjomba mwenyewe aliongoza kazi, akiinama na kuinuka, huku akiapa kuwa hata matofali yake hajawahi kuyafanyia heshima kama hii.

Kutoka kwenye ule ukuta vilitoka vyungu vitano vilivyovunjika, mifupa ya samaki na ushanga mmoja wa gamba la konokono. Mtaalamu aliwaeleza watoto kwamba zamani sana mto ulipita pale, mto ambao sasa haupo, na familia fulani ilipika samaki wake ukingoni. Watoto walisikiliza bila hata kukohoa. Gazeti alifurahi mpaka akajishangaa.

Siku ya mwisho walifunga kila kitu kwenye masanduku ya mbao. Kwa kuwa Gazeti alikuwa na mwandiko mzuri, mtaalamu alimpa kazi ya kuandika lebo. Kila lebo ilikuwa na mistari miwili: ni kitu gani, na kilikuwa mahali gani. Aliandika kwa uangalifu. Chungu kilichovunjika, kando ya jiwe la pili, kina cha mita moja na nusu. Mifupa ya samaki, ndani ya majivu. Ushanga, chini ya chungu cha tatu.

Mwisho kikaja mkononi mwake kile chungu chenye mistari ya kupanda na kushuka. Aliandika: Chungu kidogo, kizima. Kwenye mstari wa pili kalamu ikasimama.

"Niandike nini hapa?"

"Andika tunachokijua," mtaalamu akamjibu, akaketi karibu naye juu ya sanduku. "Hiki ndicho kizuri kuliko vyote, mwanangu. Lakini vile vilivyovunjika vinaniambia nani alikaa wapi, alipika nini, alikula nini. Hiki hakiniambii chochote, maana masizi yake uliyaosha na mahali pake pamekuwa tofali. Sikulaumu kwa kuwa uliogopa. Kila mtu huogopa. Ila ukikosea, sema siku ileile, kwa sababu wewe ukingoja, sururu haingoji. Ukweli ulioutoa Alhamisi umetuokolea ukuta. Ungeutoa Jumatatu, ungetuokolea na hiki."

Gazeti aliitikia kwa kichwa. Akaandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri, neno moja: Haijulikani. Kisha akakilaza chungu kwenye nyasi kavu pamoja na vingine, na kumpa mjomba nyundo apigilie kifuniko.