Windows ya Marehemu Joakim

Asubuhi ile kompyuta ya Specioza ilisalimia kama kawaida, kisha ikakohoa.

Kusalimia hakukuwa ajabu. Mumewe, marehemu Joakim, alikuwa mwalimu wa kwaya, mwenye sauti nzito na majivuno kidogo. Alipoileta mashine ile kutoka Mwanza aliingiza sauti yake mwenyewe ndani yake, ili kila inapowashwa iseme, "Mwangaluka! Karibuni ofisini kwa Joakim." Watu walitoka sokoni kuja kusikia mashine inayosalimia Kisukuma, wakacheka hadi kushika mbavu, halafu kwa kuona vibaya kuondoka hivi hivi wakaomba wachapiwe angalau tangazo. Joakim alijua biashara, huwezi kumnyima hilo.

Lakini kikohozi hakikuwamo kwenye salamu. Specioza aliijua salamu ile mpaka pale Joakim anapovuta pumzi. Asubuhi ile, baada ya neno la mwisho, kilifuata kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayejizuia asisikike. Akazima mashine. Akaiwasha tena. Salamu, kisha kimya. Akajiambia ni vumbi la pamba, maana msimu ule vumbi la pamba liliingia kila mahali, hata kwenye sukari.

Ulikuwa wakati wa wanunuzi binafsi. Tangu serikali ifungue biashara ya pamba, Bariadi ilikuwa imejaa kampuni zenye majina ya Kiingereza na makarani wa kuchomekea mashati, kila mmoja na disketi yake mfukoni. Walikuja wachapishiwe kazi zilizoanzwa kwenye mashine za Mwanza, Specioza akaingiza disketi, na kompyuta yake ikakataa kufungua.

"Mama, Windows yako imezeeka," alisema Sylvester, karani wa kampuni moja ya pamba na mteja wake mkubwa. "Hii ni tisini na tano. Wenzako wako tisini na nane. Bosi amesema kama hubadilishi wiki hii, kazi zetu tunazipeleka kule stendi. Usinichukie, mama, mimi ni mtumwa tu."

Bila kazi za pamba ofisi ingefungwa, na Specioza hakuwa na shamba wala ng'ombe wa kurudia. Kwa hiyo jambo lilikuwa jepesi: abadilishe Windows. Mtu mwingine angeshabadilisha zamani. Yeye alishindwa, na sababu yake haikuwa ya kumwambia mtu.

Joakim hakufa kwa ajali ya gari huko Mwanza, kama mkewe alivyowaambia watu. Alifia pale pale, kwenye stoo ya nyuma ya ofisi, katikati ya maboksi ya karatasi. Aliugua ule ugonjwa ambao miaka ile watu waliutaja kwa kushusha sauti. Specioza aliogopa wateja watakimbia, akaogopa kanisani watamwangalia kwa pembeni, akamfungia stoo na kutangaza kwamba mwalimu amekwenda Mwanza kusomea kompyuta. Joakim akikohoa, yeye anawasha printa. Ilikuwa printa ya pini, kelele zake kama mtu anapasua bati, na Specioza alichapa kurasa ambazo hakuna aliyeziagiza, ili tu kikohozi kimezwe. Siku ya mwisho ofisi ilikuwa imejaa watu. Joakim akaita kwa sauti ndogo, "Maji, mke wangu." Akaita tena. Specioza akawasha printa. Wateja walipoondoka akaenda na kikombe, akamkuta ameshakata roho, uso ameuelekeza mlangoni. Ndugu wa Joakim kwao Mkula akawapelekea jeneza lililopigiliwa misumari, akawaomba lisifunguliwe kwa sababu ya ile ajali.

Aibu hiyo ndiyo iliyokuwa inamla. Na ni aibu kweli, mimi sitamtetea.

Sasa mashine ilikuwa bado na jina la Joakim na sauti ya Joakim. Kuifuta, aliona, ni kumficha mara ya pili. Kutoifuta ni kufunga ofisi, tena huku akisikiliza kile kikohozi, ambacho kilikuwa kimeanza kuja kila siku. Kilikuja mashine ikiwa inafanya kazi, kikaja ikiwa imepumzika, kikaja katikati ya sentensi anayoichapa. Kilichomtisha zaidi ni wateja. Hakuna aliyeshtuka. Kikohozi kinatoka, Sylvester anaangalia kalenda ukutani. Kinatoka tena, mwingine anafunga kamba ya kiatu. Specioza akahitimisha kwamba anakisikia peke yake, na kwamba amerukwa na akili au amepandwa na jini.

Jioni moja umeme ulikatika. Specioza alikuwa amefunga madirisha na ameshika ufunguo, kioo cha kompyuta kimekuwa cheusi na feni yake imenyamaza, ndipo sauti ya Joakim ilipotoka kwenye spika zisizo na umeme ikisema Mwangaluka, salamu ya asubuhi jioni ile, polepole, kwa kutafuta pumzi kati ya neno na neno, kisha ikakohoa, na kikohozi cha pili hakikutoka kwenye mashine bali nyuma ya mlango wa stoo, chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala, na harufu ya mwarobaini uliochemshwa, ule aliokuwa akimwogeshea, ikapita chini ya mlango ikamzunguka miguuni, na printa, ambayo waya wake ulikuwa umechomolewa tangu mchana, ikavuta karatasi moja ikaanza kupiga pini zake kwa nguvu, kwa kelele, bila kuacha wino wala herufi, kana kwamba kuna mtu humo chumbani anataka kufunika kitu.

Alikimbia bila kufunga mlango.

Kesho yake alimwendea Domitila, fundi cherehani wa chumba cha jirani, mwanamke waliyeimba naye sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Joakim.

"Jana jioni ulisikia kitu chochote upande wangu?" alimnong'oneza.

Domitila alishika uzi, akaulamba ncha, akajifanya kuutia kwenye sindano, ingawa sindano ilikuwa tayari ina uzi. "Nisikie nini, mayu, mama yangu?"

"Basi. Naona nasumbuliwa na kitu."

"Kama ni jini," alisema Domitila bila kuinua macho, "Mwandoya kuna mtu anaitwa Machibya. Usiseme mimi ndiye niliyekuambia. Unajua kanisani."

Specioza alikwenda Mwandoya amejifunika khanga mpaka usoni, jogoo kwapani. Alimkuta Machibya shambani, pampu ya dawa mgongoni, anapuliza pamba yake. Hakuonekana kufurahia kukatizwa kazi.

"Mwadeela, mayu."

"Mwadeela, baba," alijibu Specioza, akapiga magoti.

Machibya alimchinja jogoo, akampasua, akamwangalia ndani kwa muda, kisha akamwangalia Specioza kwa muda mrefu zaidi.

"Ulitaka nikuambie ni jini."

"Ndiyo, baba."

"Jini ni mgeni. Mgeni ninamfukuza, ndiyo kazi yangu. Huyu ni wa nyumbani, nitamfukuza kwa haki ipi? Alikuomba kitu, gete, kweli kabisa. Ulimpa?"

Specioza aliinamisha kichwa.

"Mpe alichoomba," alisema Machibya. "Siyo kwa kujificha kama ulivyokuja hapa. Mchana, mbele ya watu wale wale uliokuwa ukiwafichia. Umwite kwa jina lake."

"Baba, hakuna dawa nyingine?"

"Unamwogopa marehemu?"

"Namwogopa. Lakini watu nawaogopa zaidi."

Machibya alinawa damu mikononi, akavaa pampu yake, akarudi kwenye pamba bila kumuaga. Njia nzima ya kurudi Bariadi Specioza alijiona mchafu. Alipofika alikuwa ameshachagua. Angemwita fundi. Kufuta mashine kunafanywa kimyakimya, hakuna mtu wa kuulizwa swali.

Fundi alikuja kutoka Mwanza, jina lake Danford, mtu mnene mwenye maneno mengi na mkoba wa sidii. Alifika ofisi ikiwa imejaa. Sylvester alikuwapo na disketi zake, Domitila alikuwa amekuja kutoa kopi, na kwenye benchi walikaa watu wengine wa pale mtaani. Danford akawasha mashine.

"Mwangaluka! Karibuni ofisini kwa Joakim."

"Aisee!" Danford alicheka peke yake. "Hii nimeipenda. Sasa mama, diski yako ni ndogo, siwezi kuiweka mpya juu ya hii ya zamani. Nafuta yote, naanza upya. Nikishabonyeza hapa hakuna kurudi. Kuna kitu nikutunzie?"

"Hakuna."

"Hata salamu hii? Ni sauti ya nani?"

Specioza aliona viatu vya Sylvester, aliona mikono ya Domitila, hakuthubutu kuinua macho zaidi ya hapo.

"Ya mtu tu," alisema.

Hapo kikohozi kikaja. Hakikuwa kifupi wala hakikujizuia. Kilitoka stoo, kirefu, cha kifua kilichokwisha, kikapanda na kushuka na kupanda tena mpaka kikawa kama kitamtapisha huyo anayekohoa, na harufu ya mwarobaini ikajaa chumba, na mwishoni mwa kikohozi sauti ndogo iliyokauka ikasema neno moja: maji.

Sylvester akaangalia kalenda. Wa kwenye benchi wakaangalia miguu yao.

Danford, ambaye hakuwa mtu wa pale, akainuka. "Nani anaumwa huko nyuma? Jamani, si mtu anaomba maji?" Na kabla Specioza hajamzuia akausukuma mlango wa stoo. Maboksi ya karatasi. Ndoo. Sakafu tupu. Akarudi rangi imemtoka. "Hamna mtu. Lakini nyinyi si mmesikia? Mmesikia au hamkusikia?"

Ndipo Specioza alipoinua macho, akawaangalia mmoja mmoja, na kila aliyemwangalia aligeuza uso. Na katika kugeuza kule akaelewa jambo lililomwumiza kuliko vitisho vyote vya siku zile.

"Sylvester," alisema. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Leo ndiyo mara ya kwanza?"

Karani alikunjakunja ncha ya shati lake lililochomoka. "Tulikuwa tunasikia tangu mwalimu akiwa hai. Tuliona siyo adabu kukuuliza mambo ya ndani kwako."

"Na siku ile ya maji," alisema Domitila, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, "nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni, mayu. Nilimsikia kabla yako. Nikaona utaaibika mbele za watu, nikaanza kukuhadithia habari za mvua, kwa sauti kubwa. Unakumbuka? Nilikuwa nakusaidia."

Specioza alikumbuka. Alikumbuka hata kwamba alishukuru.

Alikwenda kwenye mtungi wa maji, akajaza kikombe, nusu ikamwagika njiani. Akapiga magoti kwenye mlango wa stoo, mgongo kwa watu, kisha akajirekebisha, akageuka ili wamwone uso.

"Joakim, mume wangu," alisema. "Hukwenda Mwanza. Hukupata ajali. Ulikuwa hapa, mgonjwa, ukaniomba maji, na mimi nilikusikia. Nilikusikia mara zote mbili. Niliona aibu juu yako, na sasa ninaona aibu juu yangu. Haya ndiyo maji yako."

Akamimina. Saruji ile ilikuwa ngumu na ya zamani, haikuwahi kunywa hata tone la deki. Maji yalipaswa kutambaa kuelekea mlangoni. Hayakutambaa. Yalizama pale pale yalipoangukia, haraka, kama kwenye mchanga wa mtoni, na watu wote walisikia mmezo wa koo. Kisha harufu ikaondoka.

Muda mrefu ulipita kabla mtu hajajikohoza, na aliyejikohoza aliomba radhi.

"Mama," alisema Danford kwa sauti ya chini, kidole kikiwa bado juu ya kibodi, "niendelee, au niiache hii ya zamani?"

"Endelea. Hakuwa humo." Specioza alijifuta uso na khanga. "Kwanza nitunzie hiyo salamu. Ni sauti ya mume wangu."

Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Walimpa pole ya msiba, ile ya kweli waliyopaswa kumpa tangu zamani, na kila mmoja aliitoa akiangalia chini. Ukiacha fundi, Domitila peke yake hakuondoka. Alisimama katikati ya chumba, ameshika zile karatasi alizokuja kutoa kopi, anazikunja.

"Mayu," alisema.

"Nimekusamehe, Domitila. Nenda."

"Siyo hilo." Alitazama nje kwanza, kwa mazoea, kuona kama kuna anayesikiliza. "Binti yangu Felisita. Nilikuambia yuko Musoma kwa shangazi yake."

"Ndiyo."

"Hayuko Musoma. Yupo chumba cha uani, miezi minne sasa. Nikisikia anakohoa, nakanyaga cherehani."

Specioza alimtazama rafiki yake, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuona aibu. Aliona hofu tu, safi. "Leo umempa maji?"

Domitila aliziachia karatasi zikaanguka sakafuni.

Specioza alichota kikombe kingine. Alimshika Domitila mkono wakatoka mbio, wakazunguka nje kufuata njia ya uani, mbele ya wateja waliokuwa wametoka, mbele ya wauza nyanya, mbele ya waumini wenzao waliosimama kushangaa wanawake wazima wanaokimbia juani na kikombe cha maji, na walipofika uani kulikuwa kimya. Domitila aliita jina la mwanawe mara moja. Kimya. Specioza akausukuma mlango, na kutoka gizani, chini kabisa, mtu akakohoa.